Jiko la Ma Rosalina na Majengo ya Mwaka Huu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Mchungaji, Mwenyekiti wa Kijiji cha Kishanda pamoja na wajumbe wako, Mkuu wa Chuo cha Ufundi kutoka Bakoba, walimu na wanafunzi wako, ndugu zetu mliotoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, majirani wote, na wewe Ma Rosalina, mwenye shughuli, uliyekataa kiti cha mbele ukaleta kigoda chako mwenyewe. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa salamu yetu, mwasibota, waitu.

Itifaki inanitaka niseme kwamba imezingatiwa. Nimejitahidi, ingawa leo imenipa taabu kidogo, kwa sababu sijapata kuona mwongozo wowote, wa Serikali wala wa kanisa, unaoeleza nani atangulie na nani afuate siku linapozinduliwa jiko. Hata Mheshimiwa Diwani nilipompigia simu kumwalika aliniuliza, "Mwalimu, nakuja kuzindua nini?"

Nikamjibu, "Jiko, Mheshimiwa."

"La shule?"

"La mama mmoja."

"Aha. La gesi."

"La kuni, Mheshimiwa. Jengo lenyewe la jiko."

Akaniuliza kwa upole kama napata muda wa kutosha wa kupumzika tangu nilipostaafu. Namshukuru sana kwamba pamoja na wasiwasi huo amekuja, tena amekuja na viatu vizuri, jambo ambalo nitalirudia mwishoni.

Naomba uvumilivu wenu. Nilifundisha jiografia pale sekondari ya Kahororo kwa muda mrefu kiasi kwamba siwezi kumwelekeza mtu njia ya kisimani bila kuanza na umbo la dunia. Leo pia nitaanza mbali, lakini nawaahidi kwamba tutafika hapa Kishanda kabla ndizi zetu, ebitoke, hazijapoa.

Mwaka huu wa 2023, unaomalizika Jumapili hii, umekuwa mwaka wa ajabu kwa wanaopenda majengo. Mimi ni mmoja wao. Sijui kuchora, na nyundo ikikaa mkononi mwangu vidole vinaomba dua, lakini napenda kujua watu wa dunia wanajenga nini na wanajengea nani. Redio na simu vimenisaidia. Huko Kuala Lumpur, nchini Malaysia, wamekamilisha mnara wa ghorofa mia moja na kumi na nane, jengo la pili kwa urefu duniani. Ukisimama ufukweni pale Bukoba ukatazama juu, ule ukingo wa mlima unaoukumbatia mji, mnara huo ungeupita kwa mbali. Marekani nako, katika mji wa Las Vegas, wamefungua ukumbi wa maonyesho wenye umbo la mpira. Nje yake kote wameufunika kwa taa, hata unaweza kugeuzwa ukafanana na mwezi, au ukawa jicho kubwa linalopepesa. Picha ya jicho hilo nilimwonyesha Ma Rosalina kwenye simu yangu. Aliitazama kwa makini, akaniuliza, "Na majirani wanalala?"

Baadaye nikasoma kwamba swali hilo hilo liliulizwa na watu wa huko huko.

Yapo mengine. Kule Venisi, nchini Italia, kuna maonyesho makubwa ya usanifu wa majengo, na mwaka huu yalisimamiwa na mwanamke mwenye asili ya Ghana. Zaidi ya nusu ya walioonyesha kazi zao walikuwa Waafrika au watu wa asili ya Afrika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tuzo kubwa ya wasanifu duniani ilikwenda kwa Mwingereza ambaye sifa yake mojawapo ni kukarabati majengo ya zamani yakabaki na heshima yake. Na hapa jirani, kwa Waganda, yale makaburi ya wafalme pale Kasubi, ambayo nyumba yake kuu iliungua mwaka 2010, yametolewa mwezi Septemba katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa nyumba ile imejengwa upya. Wenzangu wa rika langu mtaelewa kwa nini habari hiyo ilinigusa kuliko ya mnara. Nyumba ile ni ya duara, paa lake la nyasi limeshuka mpaka karibu na ardhi. Ni ndugu ya mushonge wetu, ile nyumba ya nyasi ambamo wengi wetu tulizaliwa tukiwa upande mmoja wa moto na ndama akiwa upande wa pili. Niliingia Kasubi mara moja, kabla haijaungua. Nilipoinua macho kutazama zile pete za matete zilizopangwa darini, shingo yangu ilikumbuka nyumba ya marehemu bibi yangu.

Lakini mwaka huu pia ulikuwa na sura nyingine. Februari ardhi ilitetemeka Uturuki na Syria, na Septemba ikatetemeka Moroko, na maelfu ya watu walikufa ndani ya nyumba zao wenyewe. Nyingine zilikuwa maghorofa ya zege, nyingine za udongo. Sisi wa Kagera hatukuhitaji ramani kuelewa. Tunakumbuka Septemba ya 2016 tulikuwa wapi, tulishika nini, na ukuta upi ulituangukia.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, nilipokuwa nayatafakari hayo yote, mnara, mpira wa taa, nyumba ya nyasi, vifusi vya Moroko, nilikuwa na swali moja dogo ambalo halikunitoka kichwani, nalo lilihusu nyumba mbili zilizo katika kiwanja hiki. Kwa nini mtu mwenye nyumba ya vigae alale jikoni?

Nyumba kubwa mnaiona. Mmepita getini, mmeziona nguzo za mbele, madirisha ya aluminiamu na maua. Ilijengwa na kijana wetu Rwekaza, mtoto wa kwanza wa Ma Rosalina, baada ya lile tetemeko, kwa sababu alitaka mama yake alale mahali salama. Sitaisema vibaya hata kidogo. Anayedhani kazi hiyo ni nyepesi ajaribu yeye kujenga Kishanda akiwa Dar es Salaam, anaamka na mawazo ya saruji na analala na picha za ukuta kwenye simu. Chumba cha mama kina bafu ndani na maji ya moto. Baba Mchungaji aliibariki, tukaimba, tukala.

Ma Rosalina alilala katika chumba hicho mpaka gari la Rwekaza lilipokata ile kona ya kwenda Muleba mjini. Kisha akabeba blanketi lake, akarudi jikoni, kwenye lile jiko la zamani nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Krismasi kitandani, Januari jikoni.

Watu walisema mengi. Wengine walisema watoto wanaondoka na funguo. Si kweli, funguo ziko kiunoni mwake hata sasa hivi. Wengine walisema anaogopa kuteleza kwenye vigae. Nilimuuliza, akaniambia kwamba amevuka mawe ya mtoni na mtungi kichwani tangu akiwa msichana, vigae vya Rwekaza havimtishi. Wengine wakaanza maneno ya uchawi, kama kawaida yetu tukichoka kufikiri.

Basi, Krismasi ya mwaka jana Rwekaza aliingia katika lile jiko la zamani. Mimi nilikuwemo, natafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na kupiga soga. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa tangu tetemeko, na kila msimu wa mvua ulikuwa unapanuka. Rwekaza aliingiza mkono katika ufa ule, ukazama mpaka kwenye saa yake. Akasema, "Mae, hili jiko litakuua."

Mama akamjibu, "Hili ndilo lililokulea."

"Ndiyo maana nalijua. Mae, nikirudi Krismasi ijayo nikukute unalala mahali salama. Nikikukuta bado humu, nalivunja, na tunaondoka wote kwenda Dar. Chumba chako pale Kimara kiko tayari."

"Na ng'ombe?"

"Tutamuuza."

"Na baba yako?"

Baba yake Rwekaza, marehemu rafiki yangu, amelala pale kwenye kibanja, kati ya migomba, hatua chache kutoka jikoni. Wote watatu tulitazama moto.

Alipotoka, Ma Rosalina akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulimfundisha. Mwambie."

Nikamwambia, "Nilimfundisha mistari ya latitudo, Ma Rosalina. Kuwasikiliza walimu hakukuwemo kwenye mtaala."

Akacheka, lakini nilimwona akiutazama ule ufa. Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo palipokuwa na ugumu wote. Rwekaza alikuwa na haki. Ukuta ule ungemwangukia mama yake. Na Ma Rosalina alikuwa na haki, ingawa hakuna aliyejua haki yake iko wapi hasa, na sina hakika kama yeye mwenyewe angeweza kuitaja. Alijua tu kwamba akipelekwa Kimara hatarudi, na akilala kwenye vigae hapati usingizi.

Nilikwenda Bakoba kumwona Mwalimu Lilian, anayefundisha ujenzi pale chuoni. Lilian ni binti wa Kahororo, amesoma usanifu, na ana tabia moja ambayo kwa kijana ni nadra: ukimwuliza swali anaweza kusema hajui na akalala vizuri. Nilimweleza habari yote. Akaniuliza, "Mwalimu, unataka nivunje au nijenge?"

Nikamjibu, "Nataka uje utazame."

Alikuja na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hawa mnaowaona hapa na mashati ya bluu, kwa kuwa walihitaji jengo la mtihani wa vitendo, na Rwekaza kwa simu akakubali kununua vifaa. Alisema, "Jaribuni. Lakini neno langu liko pale pale." Wakapima, wakachora. Mchoro wao ulikuwa mzuri, nilitamani kuutundika sebuleni. Jiko jipya lilikuwa limeunganishwa na nyumba kubwa kwa ukumbi wenye paa, na mlango wake uliitazama nyumba kubwa, ili mama atoke kitandani mpaka motoni bila kunyeshewa. Fikirini wenyewe, kuna ubaya gani hapo? Walimwonyesha Ma Rosalina karatasi, akatikisa kichwa kukubali. Jiko la zamani likabomolewa kwa uangalifu. Yeye akahamia kwa muda kwa jirani yake, Ma Kokubanza, na moto wake akahama nao.

Kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Asubuhi moja mafundi wanafika, wanamkuta Ma Rosalina ameketi kwenye kigoda, huyo huyo na kigoda hicho hicho, ndani ya jiko lisilo na paa. Amekipa mgongo kile kipenyo cha mlango. Ameelekea ukuta mtupu wa upande wa migomba, anamenya ebitoke.

Mwanafunzi mmoja, Buberwa, akamwambia, "Bibi, mlango uko huku."

"Nauona."

"Sasa mbona unatazama ukuta?"

"Nangoja muutoe."

Mnacheka, lakini siku ile hawakucheka. Buberwa aliweka karai chini akasema kwa sauti ambayo nadhani hakutaka isikike, "Tutajenga mpaka tuzeeke kama yeye." Ma Rosalina akamwambia bila kugeuka, "Ukizeeka kama mimi utakuwa umejua mlango unawekwa wapi." Lilian mwenyewe alikasirika kidogo. Alimkumbusha kwamba alionyeshwa mchoro na akaukubali.

Ma Rosalina akasema, "Ulinionyesha karatasi, mwanangu. Kwenye karatasi Kokubanza hayupo."

Hapo ndipo nilipompenda Lilian zaidi. Hakubishana. Aliwaambia wanafunzi waweke zana chini, waketi pamoja na bibi mpaka mchana, na kila mmoja atazame jambo moja tu: nani anakuja, na anatokea upande gani. Hiyo ndiyo kazi ya siku. Buberwa akauliza kama kukaa kutapewa alama. Akaambiwa kutapewa.

Wakakaa. Nami nikakaa nao, kwa kuwa swali lile lilikuwa langu kabla halijawa lao. Kupitia geti la mbele, lile geti zuri la chuma, alikuja kijana mmoja anayeuza laini za simu. Aligonga, hakuna aliyemsikia, akaondoka. Kupitia migombani alikuja Ma Kokubanza, kuulizia chumvi na kuacha habari za mgonjwa. Wakaja watoto wanaokwenda shule, wakanywa maji, mmoja akafungwa kifungo cha shati. Akaja Limbu, ambaye anatuletea dagaa kutoka visiwani. Alitua mzigo, akaketi kwenye tofali, akamwambia Ma Rosalina ziwa limeamkaje na nani amepata mtoto huko visiwani, akapewa uji, akaacha dagaa wa kutosha mboga ya jioni. Akaja ng'ombe wa jirani bila mwaliko. Akaja mzee wa kanisa. Kila mmoja wao alitokea katikati ya migomba, alifika pale ulipo ule ukuta mtupu, akasimama kwa mshangao, kisha akazunguka jengo zima kutafuta pa kuingilia.

Mchana Lilian hakuhitaji kueleza chochote, lakini mimi nitaeleza, kwa sababu nimezoea. Vibanja vyetu vimeshikana. Kutoka kwangu mpaka kwa Ma Rosalina hakuna barabara, kuna migomba, na ndani ya migomba kuna njia ambayo miguu imeitengeneza tangu kabla ya babu zetu. Mushonge ulikuwa na mlango mmoja, na kila mtu alijua unatazama wapi. Sasa tunapojenga nyumba mpya tunaielekeza barabarani. Kwa nini? Kwa sababu sisi tunaojenga tutakuja kwa barabara, mara moja kwa mwaka, tena na gari, na tungependa nyumba itupokee. Inatupokea vizuri kweli. Januari tunaondoka, na mama anabaki na nyumba inayotazama mahali ambapo hakuna anayekuja, na imempa mgongo kila mtu anayemjua. Tembeeni leo jioni Kishanda nzima mhesabu wenyewe. Msimsonte Rwekaza kidole peke yake. Hata nyumba yangu imetazama barabara, na mke wangu anashinda jikoni.

Kwa hiyo ukuta ukavunjwa. Buberwa ndiye aliyeshika nyundo. Akauliza, "Mwalimu, huu mtihani unasahihishwa na chuo au na bibi?" Lilian akamwambia, "Na bibi. Chuo kitagonga mhuri."

Msidhani hata hivyo kwamba Ma Rosalina alishinda kila jambo. Yeye hakutaka bomba la moshi. Alisema moshi ndio unaolinda paa na wadudu. Ni kweli, ulilinda paa la nyasi. Lakini nyasi zenyewe ziko wapi? Rweya, zile mbuga tulikokata nyasi za kuezekea, tumezipanda misonobari na mikaratusi, na aliyetaka paa la nyasi mwaka huu angelazimika kwenda kuomba nyasi kwa watu wengine. Paa hili ni la bati. Chini ya bati wanafunzi wameweka dari ya matete, ili mvua ikinyesha watu waendelee kusikilizana, na wazo hilo, Lilian amekiri mbele yangu, walilipata kwa kutazama picha za Kasubi. Bati halihitaji moshi, na macho ya Ma Rosalina yalikuwa yanahitaji kupumzika. Walibishana juu ya bomba hilo mpaka nikaacha kuja kwa muda. Mwishoni Lilian aliwasha moto, bomba likavuta, akamwita Ma Kokubanza aje aketi mahali pake pa siku zote. Ma Kokubanza akaketi, akatazama ng'ambo ya moto, akasema, "Rosalina, kumbe umezeeka hivi. Miaka yote hii nilikuwa nasikia sauti tu."

Bomba likabaki.

Na kuna mambo ambayo hamtayaona mkiingia, lakini naomba myaheshimu. Msingi ni wa mawe, na ndani ya kuta kuna mkanda wa zege unaozunguka jengo zima juu ya mlango na madirisha, umeshikana na nondo za kwenye kona. Ardhi ikitetemeka tena, na wanaojua wanasema itatetemeka siku moja, kuta hizi nne zitayumba pamoja badala ya kila moja kuanguka kivyake. Hicho ndicho kilichokosekana katika nyumba nyingi zilizoua watu mwaka huu. Wanafunzi wangu, maana leo nawaita wangu, mnapokwenda kujenga kwa watu, mkanda huo hauonekani na mwenye nyumba atawaambia muuruke. Msiuruke. Na anayeota kujenga mnara wa ghorofa mia, aote. Ninachomwomba ni kwamba kabla hajachora aketi kwanza mchana mmoja, atazame watu watatokea upande gani.

Rwekaza aliwasili Jumamosi. Alishuka kwenye gari, hakuingia nyumba kubwa, akaja moja kwa moja huku nyuma. Alizigonga kuta kwa kiganja. Alitafuta mahali ulipokuwa ule ufa, akapitisha mkono pale palipokuwa pametoboka, sasa ni ukuta laini. Alimwuliza Lilian kuhusu msingi, maswali ya mtu anayejua. Hakutaja Kimara. Mama yake naye hakuuliza. Jumatatu tulikula Krismasi wote pamoja na hakuna aliyeligusa jambo hilo. Jana nilimfuata, nikamwambia, "Kesho nasema mbele ya watu. Niseme nini?"

Akanijibu, "Sema ya majengo ya dunia, Mwalimu, unayapenda. La mama nitakuambia."

Basi nikaiandika hotuba hii ikiwa na nafasi wazi kuelekea mwisho.

Leo asubuhi nilikuja mapema kusaidia kupanga viti. Nilipita kwa njia yangu, migombani. Mlango wa jiko ukafunguliwa akatoka Rwekaza, ameinama. Mtaona wenyewe kwamba mlango ule ni mrefu, mtu wa kimo chake anapita wima bila shida. Aliinama kwa ajili ya mlango wa zamani. Sweta lake lilikuwa limejaa nyasi zile anazotandika mama yake sakafuni.

Nikamwuliza, "Umelala humu?"

Akasema, "Watoto wamechukua vitanda vyote."

Nikaitazama nyumba kubwa na vyumba vyake. Mwalimu anajua mwanafunzi anapohitaji muda.

Akajikung'uta nyasi, akasema, "Mwalimu, Ma Kokubanza amekuja alfajiri kuomba moto. Nilikuwa nimejifunika shuka mpaka kichwani. Akaniambia, 'Kajuna, umerudi,' akachukua kaa lake akaenda. Hilo jina langu la utotoni hakuna anayelijua Dar. Hata mke wangu halijui."

Nikasema, "Sasa watalisikia wote."

Akatabasamu kidogo. Kisha akaniuliza, "Pale Kimara tuna ukuta na geti na kamera. Nani atakuja kumwomba moto?"

Hilo, ndugu zangu, ndilo alilonipa nijazie ile nafasi. Amenituma niseme mambo mawili. La kwanza ni kwamba mama haendi. Chumba cha Kimara kitabaki kuwa cha mgeni, siku atakapopenda kwenda kuwatembelea wajukuu na kurudi. Ma Rosalina, waitu, najua hukuwa umelisikia hili mpaka sasa, na nilimwambia Rwekaza akuambie mwenyewe. Amesema sauti yake isingefika. Ninamwona pale nyuma akitazama viatu vyake, kwa hiyo naamini.

La pili ni ombi kwa Mwalimu Lilian na vijana wake. Rwekaza anawaomba mkirudi chuoni mrudi tena huku na nyundo. Anataka ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa utobolewe, uwekwe mlango upande wa migomba. Buberwa, naona umeshika kichwa. Safari hii utatobolewa kabla bibi hajaleta kigoda.

Namshukuru Mheshimiwa Diwani kwa kuja kuzindua kitu ambacho hakimo katika taarifa yoyote ya maendeleo. Namshukuru Baba Mchungaji, Mkuu wa Chuo kwa kutuazima vijana hawa, mafundi wote, na Ma Kokubanza aliyeutunza moto wa mwenzake. Ninyi nyote mmenipa masikio yenu kutoka Malaysia mpaka hapa, nanyi mmefika salama, nawashukuru sana.

Kuhusu uzinduzi wenyewe, Mheshimiwa, mkasi uliopo mezani utabaki mezani, kwa kuwa moto umekwisha kuwaka na majirani wamekwisha kuomba kaa. Tutafanya hivi. Tutaizunguka nyumba hii kubwa sote, tutashuka kwenye kibanja, tutapita kwa rafiki yangu tumsalimu, na tutaingia kwa mlango wanaoingilia watu. Jana mvua ilinyesha, kwa hiyo viatu vile nilivyovitaja mwanzoni vitachafuka. Ma Rosalina ametangulia, kigoda chake nakiona hakina mtu.